Bibi wa Kukodi na Wajukuu Saba wa Jumapili

Kwa mliokosa gazeti wiki iliyopita, au mliolifungia samaki kabla hamjalisoma, nawafupishia aibu yangu.

Kazi yangu hapa Brussels ni kuwa bibi wa kukodi. Vijana wetu wakitaka kuoana, wazee wao wako Bukavu, Kigoma au Nakuru, na viza hakuna. Basi wananipigia simu mimi, Dafrosa. Navaa kitenge, nakaa kwenye kiti kikubwa, nasema "mtoto wetu huyu tumemlea kwa shida," nakula, nalipwa, naondoka.

Kwenye mahari moja, mtaa wa Laeken, nikaharibu. Nilikuwa upande wa bibi harusi, nimemlilia vizuri kabisa, kamasi na kila kitu. Mjomba wa bwana harusi akanikodolea macho. "Huyu mama," akasema, "mwezi wa tatu si alikuwa bibi yetu sisi?"

Mahari ikaahirishwa. Simu yangu ikanyamaza.

Ndipo nikaenda kwa Séraphin. Tangu hapo imepita miezi mitano, lakini misiba yangu ni mingi na gazeti ni dogo, lazima nirukeruke.

Papa Séraphin ana mgahawa Chaussée de Wavre, kati ya duka la vitenge na dirisha la kutuma pesa nyumbani. Mtu wa Bukavu, mfupi, mchangamfu. Kila mteja ni ndugu yake na kila mfanyakazi ni mtoto wake. Jumapili misa ikiisha, kwaya nzima inateremka pale na njaa yake.

"Maman Dafrosa," akaniambia, "unajua kupika mikate ya mafuta?"

"Najua kupika maandazi."

"Basi ingia jikoni, kwaya inafika saa sita."

Nikaingia. Kila Jumapili nakanda, nakaanga, na jioni Séraphin ananiletea kikombe cha chai kisicho na chai. Ndani mna noti zimekunjwa. Karatasi hakuna, na mimi ndivyo nilivyotaka. Ofisi inayonipa hela ya wazee hupenda kujua kila senti nyingine inayoniingia, nami si mtu wa kuwasumbua maofisa kwa mambo madogo.

Vijana wanaofanya kazi pale wikendi walikuwa saba, wote wanafunzi. Wakongo waliniita Koko, Watanzania waliniita Bibi. Mimi niliitika kote.

Katika hao saba alikuwamo Jémima. Ana miaka ishirini, watu wake ni wa Goma, anasomea unesi, na wikendi anahudumia meza. Mwezi wangu wa kwanza pale, mafua yaliponiangusha, ni yeye aliyepanda ghorofa nne kwa ngazi na sufuria ya supu, lifti ikiwa imekufa. Akaninywesha kwa kijiko kama mtoto. Binti niliyemzaa mwenyewe alinitumia picha ya maua kwenye simu.

Kumbukeni hiyo supu wakati mtakapotaka kunitukana.

Jumapili moja Jémima akaingia jikoni mbio, simu mkononi.

"Koko, ona hii! Rolande, ule wa darasa yangu, iko natumika kazi ku burger, Chaussée d'Ixelles. Kila dimanche banamuongezea."

"Jumapili wanamwongezea nini, chumvi?"

"Franga, Koko! La prime! Deux euros kwa kila saa, mpaka douze kwa siku. Na haiko huruma ya patron, njo sheria ya restaurants zote. Miye niko hapa dimanche soixante-dix sasa, sijaona hata moja."

Harun akatoa mikono kwenye masufuria. Huyo ni mtoto wa Tanga, muosha vyombo, mpole hata sabuni anaipigia hodi.

"Samahani, Bibi. Euro mbili kila saa, ina maana hata sisi wa huku nyuma? Serious?"

"Hata weye," Jémima akamjibu. "Ulifikiri sahani haijuake dimanche?"

Kisha akaninong'oneza. Ada ya chuo, wenyewe wanaiita minerval, ilikuwa inadaiwa. Asipoilipa kabla ya tarehe yake, jina linafutwa kwenye orodha na mwaka wa pili unaota mbawa. Zile Jumapili zake sabini, akizidisha, zinaifunika ada yote na nauli ya tramu juu.

"Donc miye siombe mukopo kwa muntu," akasema. "Niombe tu yangu."

Wakaenda wote saba kwa Séraphin. Mimi nilibaki na maandazi, lakini mlango nikauacha wazi. Maandazi yanahitaji hewa.

"Batoto yangu!" Séraphin akafungua mikono kama anataka kuwakumbatia wote kwa mpigo. "La prime ya nini? Dimanche haiko kazi. Dimanche njo famille! Famille inalipanaka?"

"Tonton Séraphin, miye nakuheshimia," Jémima akasema, "lakini famille yangu hainiambiake nifike saa tatu kamili."

Watoto wakacheka. Séraphin hakucheka.

Jioni ile kikombe changu kilikuja kinene kuliko kawaida, na safari hii Séraphin hakukiacha akaondoka, akavuta kigoda.

"Maman, ule mutoto Jémima atapeleka mambo ku syndicat, ku chama ya bafanyakazi. Batanikamata miaka yote ya nyuma, miye nitafunga mulango. Weye unajua mambo ya bazee. Unipe akili."

Hapa ndipo ninapowaomba mweke gazeti chini kidogo, mnitukane, halafu mwendelee. Kwa sababu akili nilimpa.

"Unasema Jumapili ni familia," nikamwambia. "Basi ifanye iwe familia kweli. Andika karatasi. Hawa ni wajukuu, wanakuja Jumapili kumsaidia bibi yao, hawadai kitu."

"Bibi yao njo nani?"

Nikajishika kifua, polepole, kama ninavyofanya kwenye mahari.

Séraphin akacheka hadi akashika meza. "Maman Dafrosa, shetani anakuogopa!"

"Anaogopa bure. Mimi nataka kitenge tu. Yadi sita, Kiholanzi halisi, sio kile cha kuchuja ukikikaripia."

Nisiseme sikujua. Darasa la saba nilimaliza, na kusoma nasoma. Karatasi ile niliitunga mimi kwa Kiswahili neno kwa neno, mpwa wake Séraphin akaigeuza Kifaransa, nami nikatia sahihi yenye mkia mrefu. Nilijua ninachofanya. Nilikuwa nakitazama kitenge.

Jumamosi saa tisa, kabla wateja hawajaja, nikawaita watoto mezani. Kitenge nilishakivaa.

Guylain, wa Uvira, akasaini bila kuinua shingo kutoka kwenye simu yake. Wengine wanne wakamfuata yeye. Harun akasoma mstari wa kwanza, akanitazama.

"Bibi, wewe umeisoma yote?"

"Yote."

"Na ni sawa?"

"Harun, mimi ningekuletea kitu kisicho sawa?"

Akasaini. Mungu anisamehe, alisema na ahsante.

Jémima alibaki na kalamu hewani.

"Koko, nikisinya hii, la prime inakufa."

"Wenzako wote wamesaini."

"Beko banasinya juu ya heshima yako. Haiko juu ya karatasi."

"Sasa wewe unanikatalia, Jémima? Mbele za watu?"

Niliitoa kwa sauti ile ya kiti kikubwa. Imewahi kushusha mahari ya watu kwa nusu, itashindwaje na msichana wa miaka ishirini?

"Miye sitakukatalia, Koko," akasema. Akasaini bila kunitazama, akaenda kufuta meza ambayo ilikuwa imeshafutwa.

Jumapili mbili zikapita. Ya tatu, katikati ya kwaya, akaingia mwanamke wa Kibelgiji, nywele fupi, koti la mvua. Akaagiza mbuzi wa kuchoma. Akala wote. Akaomba pilipili tena, akatokwa na machozi, akafuta, akaendelea. Sisi jikoni tukampenda.

Akalipa. Kisha akatoa kitambulisho. Mkaguzi wa kazi.

Nani alimwita, sijui mpaka leo.

Séraphin alibadilika rangi mara moja tu, akarudi kwenye ile ya kawaida. "Wafanyakazi? Madame, hapa Jumapili hakuna wafanyakazi!" Walizungumza Kifaransa, mimi nawafasiria. Akaenda kwenye droo, akaleta karatasi yetu ndani ya plastiki, imenyooka kama cheti cha ubatizo.

Mkaguzi akaisoma. "Naomba kumwona huyo bibi."

Nikatoka na aproni, unga hadi viwikoni. Meza ya kwaya ikageuza shingo yote.

"Madame, wewe ni bibi wa vijana hawa saba?"

"Ndiyo, madame."

"Huyu Harun amezaliwa Tanga. Guylain, Uvira. Mademoiselle Jémima, Goma." Alikuwa anasoma vitambulisho kimoja kimoja. "Wewe una watoto wangapi?"

"Mmoja."

"Mmoja?"

"Binti, madame. Lakini alijitahidi."

Kwaya ikaangua kicheko. Mwimba sauti ya nne alipaliwa na ugali wa fufu, wakampiga mgongo. Mkaguzi akangoja wamalize. Hakuwa mtu wa kukasirika, na hao ndio wabaya.

"Basi nitawauliza wenyewe," akasema.

Sasa nyinyi mnajua ilivyo kwetu. Mtu mzima akikuita mjukuu wake mbele za watu, humkani. Hata kama umemchoka, unangoja mfike nyumbani. Mkaguzi hakulijua hilo. Séraphin alilijua. Ndiyo sababu alikuwa amekunja mikono anatabasamu.

"Ni bibi yako?"

"Ndiyo," Guylain akasema, na safari hii simu ilikuwa mfukoni.

"Ni bibi yako?"

"Ndiyo, madame," Harun akajibu, akitazama viatu vyake vilivyolowa.

Hivyohivyo hadi wa sita. Kila "ndiyo" nilitakiwa niifurahie. Lakini nilianza kusikia joto la kile kitenge kiunoni, kama nimejifunga blanketi.

Akabaki Jémima. Nikasema moyoni, huyu atanikana, na atafanya vema. Nikakaza miguu.

"Mademoiselle, ni bibi yako?"

Jémima alinitazama kwa mara ya kwanza tangu siku ya kalamu.

"Ndiyo, madame. Ni bibi yangu."

"Unaelewa kwamba ukisema hivyo, Jumapili zako hapa hazihesabiwi kuwa kazi?"

"Ninaelewa."

"Zote?"

"Zote."

Mkaguzi akaifunika kalamu. Na Jémima, yule mtoto, akainama akakusanya sahani ya mkaguzi, bakuli la pilipili, mifupa na kitambaa cha karatasi, akavipanga mkononi, akageuka kurudi kazini. Kama vile hakuna kilichotokea. Kama vile hakuwa ametoka tu kulipia kitenge changu kwa ada yake.

Ulimi ukanitangulia.

"Si wajukuu zangu."

"Samahani?"

"Hata mmoja, madame. Hawa ni wafanyakazi. Wanaingia saa tatu na wanatoka jioni, na huyu binti ana Jumapili sabini na zaidi."



"Maman amezeeka, madame," Séraphin akasema haraka. "Kichwa kinachanganya." Kisha akaniinamia kwa Kiswahili, meno yamefungwa: "Maman, waza muzuri. Funga kinywa."

"Kichwa changu kizima," nikamjibu, nikarudi kwa mkaguzi. "Karatasi niliitunga mimi. Nililipwa kitenge hiki hapa." Nikainua pindo la aproni aone maua yake.

"Nimeona, madame. Inatosha." Akaifunua kalamu tena. "Na wewe? Kama si bibi yao, Jumapili unafanya nini jikoni?"

Hapo nikaiona hela yangu ya wazee imesimama mlangoni, imevaa kofia.

"Koko, nyamaza," Jémima akaninong'oneza nyuma yangu. "Nakuomba. Miye nitarudilia mwaka, haiko kitu. Weye utakula nini?"

Ningenyamaza. Maisha yangu yote nimejua wakati wa kunyamaza, ndiyo maana nimefika umri huu. Lakini mtu amekutetea mara mbili kwa dakika tano, na wewe hujamtetea hata moja.

"Napika maandazi," nikasema. "Miezi mitano. Nalipwa kwenye kikombe."

Mkaguzi akaandika. Aliandika kwa muda mrefu, ukurasa mzima. Jémima akaweka sahani chini, akaja kusimama ubavuni mwangu, akanishika mkono uleule wenye unga. Harun akasogea. Guylain akasogea. Nikajisikia mwepesi, kama mtu aliyetoka kuungama na padri amempa toba ndogo. Nikafikiri, hata gazeti watanichoka sasa, maana mambo yamekwisha vizuri.

Séraphin akavuta kiti. Akakaa. Alikuwa ametulia kupita kiasi.

"Bon," akamwambia mkaguzi. "Kwa kuwa leo watu wanasema ukweli, na mimi niseme wangu. Jumapili mimi niko kanisani, misa ikiisha nakuja kula kama kwaya. Nyumba hii kwangu imefungwa. Huyu mama hakuwa na kazi, nikamwonea huruma, nikamwachia jiko Jumapili ajitafutie. Yeye anafungua. Yeye anaita vijana. Anawasainisha."

"Mwongo!" Jémima akapiga kelele. "Tonton, weye njo ulitupigiaka simu!"

"Kwa simu ya mgahawa, ndiyo. Nani alipiga, simu haisemi." Akaisukuma ile plastiki mezani kwa kidole kimoja. "Madame, tafadhali, nionyeshe jina langu liko wapi hapo."

Mkaguzi akaigeuza karatasi. Akaitazama nyuma. Akairudisha mbele.

Nami nikainama kutazama. Zilikuwa sahihi nane. Saba za watoto, na moja ina mkia mrefu. Nikausoma mstari wangu wa mwisho, ule niliouongeza mwenyewe kwa kupenda ukubwa, ambao mpwa wa Séraphin aliugeuza Kifaransa kwa uaminifu mkubwa: wanafanya kazi hizi Jumapili kwa kuitwa na chini ya amri ya Madame Dafrosa, na kwa lolote atakayeulizwa ni yeye.

Séraphin hakuwemo. Si sahihi, si jina, si hata anwani.

Mkaguzi akachukua fomu nyingine kwenye mkoba, ya rangi nyingine, akailaza juu ya ile ya kwanza.

"Basi, madame," akaniuliza, kwa upole uleule, "Jumapili za vijana hawa, mwajiri ni wewe?"

Jémima alikuwa bado ameshika mkono wangu. Ada yake ilikuwa imebakiza siku tisa, na wa kudaiwa zile Jumapili alikuwa ama Séraphin, asiyeandikwa popote, ama mimi, nisiye na kitu.

Akauachia mkono, kidole kimoja kimoja.